Jina la Mama Ngalula

Gundi ya bukari iliyochacha ndiyo ilikuwa harufu ya mwisho wa mwaka wa shule pale Kapata, mtaa wetu wa kampuni ya shaba. Tulikoroga ugali mwepesi ndani ya kopo la maziwa, tukagandisha karatasi za mifuko ya saruji, tukapata ndege zenye mabawa ya kijivu. Mama Ngalula akija shuleni alizirusha moja moja na kutuambia ipi ingefika Dilolo, kule mpakani, na ipi ingeangukia Mutoshi, hapo jirani. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa kwetu kuendesha ndege. Alizaliwa katika nyumba ya kampuni kama yetu, akasoma shule yetu, kisha akarusha ndege ndogo iliyopeleka dawa mpakani. Kila mwaka mwanafunzi mmoja alisoma hotuba ya kumheshimu. Mwaka ule, nikiwa na miaka kumi na minne, nilichaguliwa mimi, msichana ambaye hata salamu aliiandika kwanza daftarini kabla ya kuitamka.

Lakini ulikuwa mwaka wa kufukuzana. Babu yake Mama Ngalula aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba, na ghafla hilo likawa kosa. Watu wa asili ya Kasai waliachishwa kazi, wakatolewa majumbani, wakalala wiki nyingi kwenye stesheni wakingoja treni. Tuliwaita bilulu, yaani wadudu. Nasema tuliwaita, ingawa kalamu ilitaka kuandika waliwaita.

Asubuhi ya sherehe mkuu wa shule aliipitia hotuba yangu. Ilianza kwa methali: jina jema hung'ara gizani. Alinirudishia akinong'ona, "Soma yote, mama. Lakini jina, uruke. Tata yako iko na kazi bado, ao?" Ndiyo, baba alikuwa bado na kazi, nasi tulikuwa wanane mezani.

Hakuna aliyetarajia kwamba Mama Ngalula angekuja. Alitoka stesheni kwa miguu, kitenge chake kikinuka moshi wa kuni, akasimama nyuma ya uwanja. Mvulana mmoja akapaza sauti, "Muangalie, kilulu nayo inaruka!" Uwanja mzima ukacheka. Nikasoma. Nilipokaribia penye jina nilimwona amenyoosha shingo, kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Nikaliruka. Makofi yakapigwa, kwa heshima ya nani, sijui.

Baadaye alinikuta ukutani nikiwa nimeikunja karatasi hadi imekuwa ndogo kama kidonge. Akanishika kidevu. "Weye umeruka, mama," akasema. "Mi nilifanya miaka kwa kujua kuruka. Weye, siku moja tu." Alitabasamu, na mpaka leo sijui kama alinitania au alinihukumu. Wiki ile treni ikaondoka naye. Daftarini, chini ya tarehe ile, hakuna neno hata moja.

Siku hizi shule ile imechora ndege ukutani ili wasichana watamani urubani. Majuzi nilialikwa kuwazungumzia. Nililitaja jina la Mama Ngalula mara tatu, bila karatasi. Maana sasa kulitaja hakumponzi mtu, wala hakumwokoi. Hakuna aliyelitambua. Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Mama, huyo iko wapi? Tumualike."

Aliuliza kwa furaha, kama mtu asiyejua kwamba kuna treni za kwenda tu.