Kiingereza cha Mpishi Sabiti

Mzee Sabiti alimpikia Mzungu mchimba dhahabu huko Geita miaka mitatu. Mwaka 1938 akarudi Tinde, eti mwalimu! Vijana saba waliojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa makarani wakajaa barazani kwake. Akawafundisha alichokisikia kutwa: kufoka, kutukana, kuamrisha. Neno la tafadhali hakuwa nalo. Nani aliwahi kumwambia?

Siku ya mtihani, mkaguzi Mzungu akawataka wamsalimu. Wakamfokea kwa pamoja alete maji ya kuoga, upesi, mpumbavu mkubwa! Wote wakafeli.

Maganga, baba wa Limi, mmoja wa vijana hao, akaja amefura. "Mwalimu gani wewe?"

"Tulia, Baba Limi," akajibu Sabiti. "Mgodini wamepata habari. Wote saba wamechukuliwa kuwa wanyapara."