Propela ya Baba Adija Kwenye Mteremko wa Rondo

Shaaban, dereva wa pikapu ya kutoka Rondo kwenda Lindi, ni mwoga, na hajawahi kuuficha woga wake. Madereva wenzake humcheka mpaka washike mbavu. Kina mama wenye watoto wachanga humngojea yeye.

Asubuhi moja, gari lilipofika penye mteremko, alibadili gia akasikia "kong!" chini ya miguu yake. Akakanyaga mafuta kidogo, kong tena, na sakafu ikaanza kutetemeka. Krosi, kile kiungo cha nyuma cha propela, ilikuwa imelika. Ikikatika gari likiwa mbio, chuma kile kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma huchapa huku na huko chini ya gari mpaka kikate mipira ya breki. Akasimamisha gari.

"Shukeni wote. Tangulieni kwa miguu, nitawakuta chini."

"Mzee Shaaban leo kaota majini," alisema Nikodemo, mkulima wa korosho, akijitwika mfuko wake. Wakashuka wanacheka, wakapotea konani.

Mke wa Shaaban, Mastura, alibaki kiti cha mbele. Goti lilikuwa limemvimba, ndilo alilokuwa akipelekwa nalo hospitali.

"Wewe kaa, Mama Adija. Goti hilo halishuki mlima."

Sasa sikia. Breki ya mkono ya gari lile ilikufa zamani. Husimama kwa gia, na abiria anayeruka wa kwanza hutia jiwe kwenye gurudumu hata kabla ya kusalimia mtu. Ndivyo njia ile ilivyo. Shaaban hajaokota jiwe tangu aanze udereva. Siku hiyo abiria waliondoka na kicheko chao, jiwe wakalisahau, na yeye krosi ilikuwa imemjaa kichwani, hakutazama.

Akaingia uvunguni kwa nyuma, akaishika propela na kuitikisa. Ilicheza. Vumbi jekundu la kutu likammwagikia machoni. Krosi mpya alikuwa nayo, basi akaanza kufungua bolti za kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Bolti ya mwisho ilipotoka, propela ikamwangukia kifuani, na hapo hapo akaelewa. Gia ilikuwa inashika magurudumu kupitia propela hiyo hiyo aliyoifungua.

Gari likasogea. Difu likampita juu ya uso, akageuza shavu udongoni. Kisha akaona jua.

"Baba Adija!" Mastura alipiga yowe ndani ya gari.

Shaaban alikimbia kama kichaa. Hofu aliyokuwa ameijua maisha yake yote ilikuwa mchezo wa watoto; hii ilimnyima hata sauti ya kumwambia mkewe akanyage breki. Gari lilizidi kuongeza mwendo, propela ikiburuzika na kutoa cheche, kona ikisogea, na ng'ambo ya kona palikuwa na bonde tupu. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Pikapu ikalalia ukingo wa udongo, ikatulia.

Alifungua mlango akilia waziwazi. Mastura alikuwa mzima, amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Baba Adija, watu wote uliwashusha," alisema polepole. "Uliiogopea hata mifuko yao. Mimi je?"

Shaaban akanyoosha mkono amsaidie kushuka. Mastura hakuushika. Alishuka mwenyewe, akaanza kuteremka mlima akichechemea.