Mtamil Tuliyemwita Mhindi

Naibu wa mwalimu mkuu katika shule yetu ya Eastlands alijua kila kitu bila kusoma chochote. Nilifundisha naye miaka tisa na simwombei msamaha.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mtamil kutoka Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka. Alipanga nyumba Buruburu, karibu na kwangu, na asubuhi tulitembea pamoja kwenda kazini. Naibu alimwita Mhindi. "Mhindi, lete chaki." Tulicheka sote, mimi nikiwemo.

Mwaka wa themanini na tatu mwalimu alipata barua: nyumba ya dada yake huko Colombo ilikuwa imechomwa. Wachomaji walikuja na orodha ya wapiga kura, wakachagua nyumba za Watamil moja moja. Dada aliponea kwa jirani Msinhala, wa kabila la hao wachomaji, aliyemficha. Mwalimu alitueleza hayo katika chumba cha walimu.

Naibu akapuliza chai yake. "Wahindi wakichomana wenyewe kwa wenyewe, sisi tufanyeje?"

"Mimi si Mhindi," mwalimu akasema. "Kihindi chenyewe sikijui."

"Lakini mababu zenu walitoka India."

"Kusini ya India, zamani sana. Tulikuwa na ufalme wetu Jaffna kabla Mreno hajafika. Wachuma majani chai wa milimani ndio walioletwa na Mwingereza, na nchi ilipopata uhuru wakanyang'anywa uraia. Kisha lugha yetu ikafukuzwa maofisini. Hata Wasinhala, mababu zao walivuka maji."

"Hata hivyo, kila nchi ina wenyewe," Naibu akasema, akiitafuta sukari.

Baba wa Naibu huyu alihamia mtaa wa Shauri Moyo kutoka kijijini na blanketi moja. Yeye mwenyewe, akiulizwa kwao, hutaja kijiji ambako hajawahi kuishi. Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza pamoja na mandazi.

Miezi michache baadaye mwalimu alimleta mama yake Buruburu. Nilikwenda kumwamkia, nimejiandaa kwa salamu nilizookota kwa muuza vitambaa, Mhindi Mgujarati. "Kem cho, mama?" Yule mama akanitazama, akamwambia mwanawe kitu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza hiyo ni lugha gani."

Mwaka uliofuata mwalimu na mama yake wakapata nafasi ya kwenda Kanada. Kwenye karamu ya kumuaga, Naibu alisimama akasema tutamkosa sana Mhindi wetu, watu wakapiga makofi. Mwalimu akashukuru kwa hotuba ndefu, yote kwa Kitamil, akituangalia usoni mmoja mmoja. Sijui alisema nini. Natumaini alitutukana.

Naibu alipiga makofi kuliko wote. "Kihindi ni kitamu, jameni!"

Mwalimu hajawahi kuniandikia barua, na sioni kwa nini angeniandikia.