Mlango wa Dagaa

Kisigino changu kilitoboa sakafu ya gari la baba siku ya Jumatano, zikiwa zimebaki siku tatu tu mdogo wetu wa mwisho aolewe. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, nimekanyaga kama mtu yeyote anavyokanyaga, mara nikasikia krachi na mguu ukaenda. Nilipoinama nikaona kokoto za uani kwetu, Ilemela, kupitia tundu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikakasirika. Ndivyo nilivyo, kwangu vitu hivyo viwili vinakaa nyumba moja.

Baba hakucheka. Alipiga magoti akabonyeza kwa kidole gumba zile mbavu za chini ya milango, ambazo ndizo zinazobeba bodi nzima, na kidole kikazama kama kwenye kiazi kilichoiva. Rangi kwa juu ilikuwa nzima. Chini ya rangi kulikuwa na lami aliyoichemsha mwenyewe kwenye kopo, chini ya lami bati la paa, chini ya bati vipande vya debe la mafuta ya kula, na chini ya hayo yote hakukuwa na gari. Kumbe miaka yote hiyo, kila Jumamosi tuliyodhani anaosha gari, mzee alikuwa anaziba kutu.

Mtu mwingine angeliuza kwa wanunua vyuma chakavu. Lakini baba alikuwa ameshaahidi, tangu tukiwa wadogo, kwamba kila binti yake ataondoka nyumbani kwenda kanisani ndani ya gari hilo, na dereva atakuwa yeye. Mimi niliondoka nalo, nikiwa wa kwanza. Wawili walionifuata waliondoka nalo. Alibaki huyu wa nne, muuguzi wetu, na harusi ilikuwa Kisesa kwa akina bwana harusi. Wakwe, watu wazuri sana, walikuwa wametoa gari jeusi lenye kiyoyozi, wakaomba jibu kabla ya Ijumaa jioni ili wapate muda wa kulipamba.

Mama alitaka tukubali. Alisema kutu ile ni yake. Na kweli, kwa miaka mingi mama alikuwa ananunua dagaa kwenye mwalo wa wavuvi, Igombe, na kwenda kuwauza Mabatini, na magunia yote, pamoja na ndoo za samaki wa chumvi, yalisafiri nyuma ya gari hilo yakichuruzika. Alisema gari limeliwa na biashara yake, na sasa mwanawe atafika mbele ya wakwe akinuka biashara hiyo hiyo. Baba aliinuka akaenda kumwagilia mchicha. Kuhusu maji ya dagaa sikuwahi kumsikia akisema neno hata moja, si siku hiyo wala kabla yake.

Mimi sikuweza kukaa. Mchana huo huo nilikwenda Mabatini nikamleta fundi wa kuchomelea, mtu wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Alilala chini ya gari na nyundo, akagonga huku na huku akisikiliza, akatoka na kutu kwenye nyusi. Alisema wazi kwamba gari hili si la kuaminika tena. Angeweza kulaza bomba za chuma za pembe nne kila upande na kuweka sakafu ya bati nene. Lingekwenda Kisesa na kurudi, polepole, na watu watatu, na baada ya hapo lisipandwe na mtu tena. Baba akakubali papo hapo. Nilimkumbatia yule fundi kabla hajaweka nyundo chini, jamani, sikujali.

Ijumaa asubuhi tulipandisha gari kwenye mawe. Nyuma ya nyumba yetu kuna miamba miwili bapa yenye mwanya katikati, mtu anapita akiwa amelala chali, na baba ameitumia kama gereji tangu kabla sijazaliwa. Fundi aling'oa milango yote minne akaiegemeza kwenye jiwe. Kwa kuwa umeme ulikuwepo na sote tulijua haukai, aliamua kukata mbavu za pande zote mbili kwa pamoja. Cheche ziliruka mpaka kwenye migomba. Majirani walikuja na vigoda vyao. Nilikuwa na furaha ya mtoto wa sikukuu, nazunguka, nawaeleza watu mambo ya chuma nisiyoyajua.

Hapo ndipo baba alipoingia ndani ya gari, akakaa kiti cha dereva, akashika usukani. Fundi alimwomba ashuke kidogo.

"Ng'ombe akichomwa sindano, mwenyewe anamshika kichwa," baba akasema. "Wewe fanya kazi yako."

Ukoo wa baba ni wafugaji. Sijawahi kumwona akimwacha ng'ombe peke yake na bwana mifugo, hata akiambiwa asimame kando. Na fundi, ambaye asubuhi alimpa shikamoo kwa kuinama, angemtoaje mzee ndani ya gari lake? Akashusha kinyago cha kuchomelea, akaendelea. Nami badala ya kuwa mtu mwenye akili, nikaweka ubao kwenye tundu la sakafu nikakaa pembeni ya baba, kwa raha tu. Baba ni mtu wa mwili, na mimi sikuokotwa, nimemrithi. Tulikaa humo karibu siku nzima tukipiga soga, mbavu za gari zimekatwa kushoto na kulia, bodi inapinda taratibu chini yetu. Hakuna aliyeona. Fundi akaunganisha kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na sisi.

Milango iliporudishwa, haikuingia. Fundi akatazama mlango, akatazama fremu, akatutazama sisi wawili.

"Limeganda na uzito wenu," akasema.

Akaisukuma kwa bega, akaigonga kwa nyundo na kipande cha mbao, mmoja baada ya mwingine ikaingia kwa kishindo. Kisha ikagoma kufunguka, yote minne. Vioo vilishakufa zamani, isipokuwa cha dereva kinachoshuka vidole vinne. Dawa ilikuwa kukata upya, na fundi aliposhika grenda, umeme ukakatika. Ukabaki mlango wa nyuma peke yake, ule unaofunguka kwenda juu, ambao nyumbani tunauita mlango wa dagaa. Nao unafunguliwa kwa nje tu.

Simu ya baba ikaita, wakwe wanataka jibu. Aliipokea akiangalia gari. Nilijua tumekwisha, na hasira zikanipanda, najilaumu kwa makalio yangu mwenyewe.

"Asanteni sana, wakwe," akasema. "Binti anakuja na gari la nyumbani."

Nilipiga kelele kama aliyefunga goli. Mama aliuliza nani atatutoa humo likishika moto, kisha akaingia ndani.

Jumamosi tulikunja kiti kimoja cha nyuma tukatandika khanga mpya, na bibi harusi akaingia kwa magoti, shela mkononi, akicheka mpaka wanja ukataka kumwagika. Nikafuata mimi, nikijivuta hadi mbele, kisha baba na suti yake. Ufunguo wa mlango wa dagaa alibaki nao mama. Alitufungia mwenyewe, akapanda gari la jirani na kututangulia.

Sijui kama nimewahi kufurahi vile barabarani. Tulipita Nyakato, tukapita Igoma, bodaboda wote wakitupita na kutupigia honi. Kila tulipofika kwenye tuta nilibana pumzi, chuma kipya kikalalamika, na baba akalisemesha gari Kisukuma, sauti ya chini, kama anavyosemesha ng'ombe anayezaa. Jua lilipopanda, harufu ya dagaa ikaamka nyuma yetu. Mdogo wangu akasema sasa ndiyo anajua anatoka kwao.

Kanisani wakwe walikuja mbio na nyimbo. Shangazi wa bwana harusi akavuta mlango, haukufunguka. Akavuta mwingine. Nyimbo zikapungua. Nikawa naonyesha nyuma kwa kidole kupitia kioo, jasho linanitiririka, mpaka nikamwona mama akipenya kwenye watu na ufunguo. Akainua mlango, na harufu ikatoka kabla ya bibi harusi. Walio karibu wakarudi hatua moja nyuma.

Mdogo wangu akatoka kinyumenyume, gauni limejikunja, akakanyaga chini. Mama akamshika mkono.

"Nisamehe, mwanangu," mama akasema. "Siku yako ya leo unanuka dagaa wangu."

Baba alikuwa amefika mlangoni, amepiga magoti pale pale yalipokuwa yakikaa magunia. Hakushuka kwanza. Akasema kwa sauti ya kusikika na wakwe wote:

"Mama, unaomba msamaha wa nini? Gari hili lisingeoza, huyu uuguzi angesomea wapi?"

Mama akajifunika uso kwa khanga. Kisha akampa baba mkono, akamvuta chini, na vigelegele vikapasuka pande zote. Naye mama, kwa mazoea ya miaka yote ile, akaubamiza mlango wa dagaa kwa nyonga na kufunga kwa ufunguo.

Mimi nilikuwa bado ndani. Niligonga kioo, nikapiga honi, wakadhani ni shangwe, wakanipungia. Niliwaona wakipanda ngazi za kanisa, mama huku, baba huku, mdogo wangu katikati, na ubavuni mwa gauni jeupe kuna alama ya kutu kubwa kama kiganja. Mama aliiona, nilimwona akiiona. Akaishika na kuendelea kupanda. Nilikuwa nalia, sifichi, basi nikapiga vigelegele humo humo, peke yangu, mpaka sauti ikanikauka.