Jina la Mpokeaji

Mshona mapazia alikuwa na maneno ambayo aliyasema kila siku, mara tatu, mara nne, na mwisho wa mwezi hata mara kumi. Mteja alikuwa akichagua kitambaa kwenye picha, anatuma vipimo vya dirisha lake, wanapatana bei vizuri, halafu inapofika saa ya kulipa anasita. Kisha anapiga simu.

"Dada, nikiweka namba yako linatokea jina la mwanaume. Ni sawa hapo?"

Naye alikuwa akiweka mkasi chini kabla ya kujibu, kana kwamba jambo hilo halifai kujibiwa huku mtu anakata kitambaa.

"Ni sawa. Ni mume wangu. Thibitisha tu."

Laini ile ya simu ilikuwa ya mumewe kweli. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na miaka sita iliyopita alichukuliwa na kampuni moja ya nchi nyingine kwenda kujenga matangi ya mafuta. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Asubuhi ya kuondoka, begi likiwa tayari mlangoni, aliichomoa laini kwenye simu yake akampa mkewe. "Kaa nayo," alimwambia. "Wateja wangu wa mageti wakipiga, waambie nimesafiri. Na wewe uza nayo mapazia yako."

Mwaka wa kwanza alipiga kila Jumapili. Mwaka wa pili ikawa Jumapili hii na ile. Mwaka wa tatu alipiga mara mbili tu, sauti yake ikiwa imepungua kama redio inayokwisha betri, kisha akanyamaza. Kampuni ile haikupokea simu. Watu waliokwenda naye walikuwa wametawanyika, na wawili waliorudi walisema walitengana naye zamani. Ndugu zake walianza kumtaja kwa sauti ya chini, na mkubwa wao akafika siku moja kumwambia shemeji yake kwamba si vibaya mtu akijipanga upya. Shemeji alimpa chai, akamshukuru kwa kuja, akarudi kwenye cherehani.

Biashara yote ilikuwa kwenye chumba cha mbele: cherehani ya umeme, pasi, marobota ya vitambaa yaliyosimamishwa pembeni, na meza ndefu ya chuma aliyotengenezewa na mumewe. Kabati la maonyesho hakuwa nalo. Duka lilikuwa ndani ya simu. Bintiye, aliyekuwa anasoma chuo, ndiye aliyepiga picha mapazia na kuyaweka mtandaoni, na oda zilitoka hata kwenye miji ambayo mama mtu hajawahi kuikanyaga.

Kwa kazi hiyo aliingia vyumba vya watu wengi bila kuvuka kizingiti. Wateja walimtumia picha za madirisha yao, naye aliyapima kwa macho kabla ya kuamini vipimo vyao, maana wengi walipima kioo wakasahau ukuta. Lakini macho yake hayakuishia kwenye dirisha. Yaliona kitanda ambacho hakijatandikwa, shati la mwanaume kwenye msumari, viatu vikubwa vimevuliwa ovyo na mtu aliyejua kwamba kesho atavikuta palepale. Hapo alikuwa akikawia kidogo. Kisha anauliza, "Bomba la pazia unalo, au tukutumie?"

Binti alikuwa amemsumbua muda mrefu juu ya ile namba.

"Mama, tufungue namba ya malipo ya biashara. Litokee jina la duka. Watu siku hizi wanaogopa matapeli. Juzi yule wa madirisha manne amekimbia."

"Aliyetaka kukimbia angekimbia tu."

"Amekimbia kwa sababu ya jina."

"Nitakwenda wiki ijayo. Foleni ya pale si mchezo."

Wiki ijayo hiyo ilikuwa na miaka miwili. Binti hakuwa mjinga. Alijua kuwa wateja walipomaliza kulipa walimtumia mama yake picha ya risiti, na kwenye kila risiti, sehemu ya mpokeaji, palikuwa na jina kamili la baba yake, maneno matatu, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Simu ilikuwa imejaa risiti hizo hadi inagoma kupiga picha mpya. Siku alipotaka kuzifuta, mama yake aliichukua simu taratibu mkononi mwake akasema, "Hizo ziache." Nyumbani jina lile halikuwa linatajwa tena. Watu wageni kabisa, wenye haraka ya kupata mapazia, ndio walioendelea kulisoma.

Jumanne moja asubuhi simu ilikosa mtandao. Aliizima akaiwasha, akaichomoa laini akaifuta kwa pindo la kanga, akairudisha. Wapi. Saa nne binti alitoka chumbani na simu yake.

"Mama, kuna watu wanaandika kwenye ukurasa kwamba wamelipa tangu asubuhi na hujawajibu. Mmoja ameshaanza kututukana."

Mshona mapazia alivaa viatu akaenda ofisi ya kampuni ya simu. Foleni ilikuwa kama alivyoisema. Ilipofika zamu yake, mama wa kaunta, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, alichapa namba, akavaa miwani, akasoma.

"Laini hii imerudishwa jana jioni."

"Imerudishwa na nani?"

"Na mwenyewe. Amefika ofisini kwetu, tawi jingine, na kitambulisho chake na alama ya kidole. Sasa iko kwake." Akamtazama juu ya miwani. "Wewe ulikuwa unaitumia kama nani?"

Mshona mapazia alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Huko nyuma watu walianza kuguna kwamba anachelewesha foleni.

"Alikuwa mzima?" aliuliza.

"Samahani?"

"Huyo aliyekwenda na kidole chake. Alikuwa mzima?"

Mama wa kaunta alivua miwani. "Dada yangu, mimi naona kompyuta tu," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Lakini aliyeweka kidole ni mtu aliye hai. Hilo naweza kukuhakikishia."

Alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa ni mbali, na njiani hakumwona mtu. Alimwambia binti yake jambo hilo kwa maneno machache, akamwomba simu, akatoka uani kwenye kamba za nguo. Namba aliipiga kwa moyo. Ilikuwa namba yake mwenyewe.

Ikaita mara mbili.

"Haloo," sauti ikasema. "Kama ni habari ya mapazia, nisamehe, mimi siye muuzaji. Wewe ni wa saba leo. Yule wa chumba cha mtoto nimeandika kwenye karatasi kwamba anataka mikunjo iongezwe. Na wewe niambie unachotaka niandike, nitamfikishia mwenyewe nikimpata."

Alishika kamba ya nguo.

"Fundi," alimwita. Hivyo ndivyo walivyoitana tangu siku ya kwanza, kila mmoja fundi wa mwenzake.

Upande wa pili zilisikika kelele za nyundo kwenye chuma, kisha zikafifia, kama mtu anayetembea kuziacha.

"Fundi mwenzangu," mume alisema hatimaye. "Nilidhani ulishaitupa laini hii."

"Kwa nini nitupe?"

"Nilikupigia mwaka juzi. Ikasema haipatikani. Nikajisemea, ameshabadilisha maisha, ana haki yake. Sikupiga tena."

Mkewe alijaribu kukumbuka mwaka juzi. Kisha akakumbuka. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kulowekea kitambaa, ikakaa kwa fundi wa simu wiki nzima. Wiki moja tu. Wateja wote walimwelewa, walisubiri, wakalipa baadaye.

"Mara moja," alisema. "Ulipiga mara moja."

"Mara moja."

"Na hiyo miaka mingine?"

Alimweleza, kwa kukatakata. Kampuni ilikufa katikati ya kazi, mshahara wa miezi minane ukafa nayo. Alihama mji hadi mji akichomelea chochote, mageti, vitanda, matela. Kila alipotaka kupiga aliona hana la kusema. Alikuwa anangoja siku atakayokuwa na kitu mkononi. Miezi miwili iliyopita alivuka mpaka kurudi, akapata kibarua kwenye karakana ya mji wa mpakani. Alipokwenda kununua laini mpya wakamwambia tayari anayo moja kwa jina lake, namba hii hapa, na akasema basi nirudishieni hiyo. "Asubuhi naiwasha, pesa inaingia. Nyingine inaingia. Watu wananiambia ahsante dada. Nikajua upo, na bado unashona. Nimekaa chini pale karakana, wenzangu wakadhani nimepigwa na umeme."

"Ungekuja hivyohivyo," alisema mkewe. "Kitu mkononi cha kazi gani? Mimi nilitaka sauti tu."

Alasiri ile mume alituma malipo yote ya wateja kwenye simu ya binti, na ujumbe ukaingia na jina lake, maneno matatu. Binti aliusoma amesimama, akausoma tena, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Alikuwa na miaka kumi na mitatu baba yake alipoondoka. Alikaa huko hadi chakula kikapoa, na alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini alichosema kilikuwa, "Kesho twende tukafungue namba ya duka."

Wakaenda. Safari hii mama hakuzungumzia foleni. Siku mbili baadaye mteja wa kwanza alilipia mapazia ya sebule kwenye namba mpya. Lilitokea jina la duka, naye akathibitisha papo hapo na kuandika "tayari." Hakupiga simu, hakuuliza kitu. Mshona mapazia alibaki ameshika simu akingoja swali ambalo halikuja. Biashara ilikuwa imekaa sawa kuliko wakati wowote, binti alisema, na ilikuwa kweli. Lakini chumba cha mbele kilikuwa kimya kwa namna ambayo hakuitazamia.

Mume alisema angekuja mwisho wa mwezi. Sasa alipiga kila Jumapili, kama zamani, na siku nyingine katikati pia. Mwisho wa mwezi ukafika, akasema kuna kazi ya geti la shule, hawezi kuiacha. Mwezi uliofuata akasema nauli imepanda. Mkewe alikuwa amezoea kusikiliza wateja wanaotafuta njia ya kukimbia, na aliijua sauti ile.

"Fundi, niambie kitu ambacho hujaniambia."

"Jicho la kushoto halioni," mume alisema. "Lilichomwa na cheche huko nilikokuwa. La kulia wanalitibu hapa, kila baada ya wiki mbili nakwenda hospitali. Sikutaka uje kumpokea mtu wa namna hii."

Hakubishana naye. Alimwachia binti duka na oda tatu zilizobaki kupigwa pasi, akafunga nguo zake kwenye begi dogo, akapanda basi la alfajiri. Ilikuwa safari ya siku nzima na nusu. Karakana aliiona kabla hajaambiwa: ukuta wa mabati, mageti yameegemezwa nje, na watu wanne wameinama juu ya vyuma na vinyago vya kujikinga macho. Kwa sura wote walikuwa sawa, lakini mmoja alisimama na uzito wote kwenye mguu wa kulia, kama mumewe alivyosimama siku zote, na mkewe hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Alingoja pembeni mpaka mumewe akamaliza kuunga kona ile na kuinua kinyago. Alikuwa amekonda. Nywele za pembeni zilikuwa nyeupe. Alimtazama mkewe kwa kugeuza kichwa kidogo, kama kuku, na mkewe akacheka bila kutaka.

"Umekuja," mume alisema.

"Ulidhani nitatuma kifurushi, kama kwa wateja?"

Siku tatu walikaa kwenye chumba alichopanga, godoro moja na jiko dogo la mafuta. Walizungumza habari za binti, za meza ya chuma, za wateja wanaopima kioo wakasahau ukuta. Palikuwa na mambo waliyoyakaribia wakayazunguka. Siku ya pili alimsindikiza hospitali, na daktari akasema jicho la kulia linakwenda vizuri, ila asikatishe tiba. Bado miezi mitano. Katika mji wao hospitali ya aina hiyo haikuwepo. Kwa hiyo hapakuwa na la kujadili, na wote wawili waliliona hilo kwenye njia ya kurudi, wakatembea wameshikana mikono kama watu wanaovuka barabara.

Alipoondoka, mume alimsindikiza kituoni akampandishia begi. Mkewe alipata kiti cha dirishani. Miaka sita iliyopita yeye ndiye aliyebaki amesimama chini, na hakuwa amejua kwamba kuondoka nako kunauma vilevile. Miezi mitano aliihesabu kwa mapazia: kama seti mia tano hivi, akishona kwa mwendo wake wa kawaida. Mara hii alijua mahali mtu wake alipo, chumba chake, godoro lake, saa anayokunywa chai, na kujua huko kulifanya hamu iwe kubwa zaidi, si ndogo.

Basi lilipoanza kusogea, mume alitembea sambamba nalo, upande ambao jicho lake bovu ndilo lililomwelekea mkewe. Akaligundua hilo. Akazunguka nyuma ya basi mbio, mtu wa makamo na suruali yenye matundu ya cheche, akatokea upande wa pili, na mkewe akahama kiti kumfuata, akimwomba radhi abiria aliyeketi pale. Walitazamana hivyo mpaka kona.