Mkwe Kiti cha Nyuma, Fundi Chini ya Gari

Gerson Mihayo alifanya kazi katika karakana ya reli kwa miaka thelathini na mmoja, akifungua na kufunga vyuma vya mabehewa, na tangu astaafu hajawahi kupeleka Korola yake kwa fundi yeyote. Ni gari jeupe la mwaka tisini na saba, lenye mlango mmoja wa kijivu uliotoka kwenye gari jingine. Hulitengeneza mwenyewe uani, nyumbani kwake Gongoni, mjini Tabora, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko. Mkewe, Recheli, amezoea kukuta spana ndani ya beseni la vyombo, na siku hizi hazipigii kelele tena. Huzitoa tu na kuziweka juu ya dirisha.

Kwa miaka hiyo yote, mtu ambaye Gerson alitaka kumridhisha kwa gari hilo kuliko mwingine yeyote ni mama mkwe wake, Bibi Kabula wa kijiji cha Kigwa. Jambo hilo si rahisi kama linavyosikika. Kwa watu wa huku, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawali sahani moja, hawapeani mikono, hawakai wakapiga soga. Wakikutana njiani, Gerson hupisha pembeni, huinamisha kichwa na kuamkia, naye Bibi Kabula huitikia akiwa anatazama kwingine. Neno likizidi salamu, hupitia kwa Recheli, hata kama wote watatu wamo katika chumba kimoja. Sasa, katika hali hiyo, mtu atamwonyeshaje mkwe wake kwamba anampenda kama mama yake? Gerson alikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa kumwendesha. Kumchukua kwake, kumfikisha salama, kumrudisha bila vumbi wala maumivu. Mengine yote desturi ilikuwa imeyafunga.

Mwezi wa saba mwaka jana Bibi Kabula alipangiwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mjini Tabora. Gerson na Recheli walimfuata Kigwa. Gerson hakuwa na wasiwasi, kwa sababu miezi minne tu kabla ya hapo alikuwa amebadilisha bushi za mbele, yaani zile pete za mpira zinazokaa kwenye mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu, ili chuma kisigongane na chuma. Lakini hawakuwa wamefika hata kwenye lami gari lilipoanza kugonga chini. Ko! Kila shimo, ko! Bibi Kabula alishika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili, na mahali penye makorongo alitoa mguno mdogo ambao Gerson aliusikia vizuri kuliko honi ya lori.

Walipoingia mjini, bibi alisema, "Recheli."

"Abee, mama."

"Mwambie mwenye gari, ninamshukuru. Ila nikitoka hospitali nitarudi kwa treni."

Gerson alikuwa ameketi mbele yake, karibu kiasi kwamba bibi angeweza kumpunga inzi begani. Recheli alimgeukia mumewe. "Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Gerson.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bibi Kabula alikaa kwao wiki mbili, akiwa na miwani myeusi, na daktari akamruhusu kuondoka siku ya Jumamosi, kwa sharti kwamba asitikiswetikiswe. Kutoka stesheni ya Kigwa hadi nyumbani kwake ni mwendo wa miguu, na jua la huko halina huruma kwa jicho lililotoka kupasuliwa. Recheli alijaribu kumweleza mama yake hayo. Bibi alijibu kwamba treni haigongi chini.

Ndiyo maana siku ya Alhamisi Gerson alipandisha gari kwenye jeki, akatoa magurudumu ya mbele, akaichomoa mikono ya chuma na kuitazama. Mipira yote ilikuwa imechanika. Alizing'oa bushi mbili, akazitia mfukoni na kwenda moja kwa moja kwenye duka la spea la Hardik, kijana wa Kihindi aliyerithi duka hilo kwa baba yake.

"Hardik, umeniuzia takataka," alisema kabla ya salamu. "Miezi minne!"

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Takataka."

"Lete nione." Hardik alizigeuzageuza bushi chini ya taa, akapitisha ukucha kwenye ufa. Ufa haukuwa umenyooka. Ulizunguka kama uzi kwenye skrubu. Akatabasamu. "Mzee, hizi ulizikaza gari likiwa wapi?"

"Likiwa wapi vipi? Juu ya jeki."

"Magurudumu yananing'inia?"

"Ulitaka yafanye nini, yacheze ngoma?"

Hardik alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha alieleza, kwa heshima, maana Gerson ni rika la baba yake. Gurudumu likining'inia, ule mkono wa chuma huwa umeinama. Ukikaza nati hapo, umeubana moyo wa bushi katika hali hiyo ya kuinama. Ukishusha gari, mkono unapanda, moyo umebanwa palepale, na mpira unasokotwa katikati. "Gari limeegeshwa, wewe umelala, mpira unasokotwa. Ni kama mtu alale usiku kucha amegeuza shingo. Asubuhi atapiga kelele au hatapiga?"

Gerson alizichukua bushi na kuutazama ufa upya.

"Nati zishike kwa mkono tu, mzee. Shusha gari likae na uzito wake, na watu wake ndani kama kawaida, halafu ndipo ukaze. Huku liko chini."

"Niteremshe gari nati zikiwa hazijakazwa?"

"Ndiyo."

"Mimi?"

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini katika karakana, tangu siku ya kwanza, Gerson alikuwa amefundishwa kwamba behewa halishushwi kabla kila nati haijakazwa hadi mwisho na kuwekewa alama ya chaki. Alikuwa amewafundisha vijana wengi sheria hiyo, na mmoja wao aliwahi kurudishwa nyumbani siku tatu kwa kuisahau. Kosa lililomchania bushi halikuwa uzembe. Lilikuwa ni utii wake mwenyewe, ambao mabehewa yaliuhitaji na Korola haikuuhitaji. Alitembea kutoka dukani akiwa na bushi mpya kwenye mfuko wa karatasi, na njia nzima alikuwa akitikisa kichwa.

Ijumaa asubuhi alianza kazi. Aliikata mipira ya zamani iliyobaki kwa msumeno wa chuma, akaisugua mikono mpaka ikang'aa, halafu akazipaka bushi mpya sabuni ya maji, kwa sababu mafuta hula mpira. Alizibana kwenye jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa kwenye meza yake ya mninga, akiweka kipande cha bomba upande wa pili, na kuzungusha mpini robo kwa robo. Bushi iliingia ikilia kidogo, kisha ikakaa. Gerson hupenda sana dakika hiyo. Alikaa juu ya ndoo na kunywa chai yake yote huku akitazama kitu kimoja tu, pete nyeusi iliyokaa sawasawa ndani ya chuma.

Ilipofika saa nane, mikono ilikuwa imerudi mahali pake na magurudumu yamefungwa. Ila nati nne za bushi alizishika kwa vidole tu. Aliteremsha jeki polepole, uso umekunjamana, kama mtu anayeiba. Hakuna kilichoanguka. Kisha Recheli aliliendesha gari taratibu, magurudumu ya mbele yakapanda juu ya vipande viwili vipana vya mataruma ya zamani ya reli, nayo ya nyuma yakazuiwa kwa mawe. Hapo sasa palikuwa na nafasi ya Gerson kuingia chini.

"Wewe kaa hapo hapo kwenye usukani," alimwambia mkewe. "Kiti cha nyuma nitaweka gunia la mpunga, badala ya mama."

Bibi Kabula alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mgongo umewaelekea, akichambua mchele. Hakugeuka.

"Recheli, mwambie mwenye gari gunia halina mgongo."

Recheli alishusha kioo. "Mama anasema gunia halina mgongo."

"Nimesikia. Mwambie haiwezekani. Mimi nitakuwa chini huku, nimelala chali, yeye awe juu yangu? Watu watasema nini?"

"Mama, anasema—"

"Sina uziwi, nimepasuliwa jicho. Mwambie ni mimi nitakayekaa hapo kesho, si mpunga. Kama anapima nguo, amvalishe anayeivaa."

"Kesho mama unapanda treni," alisema Recheli, akijifanya kushangaa.

"Nitaamua nikishakaa."

Gerson alisimama na spana mkononi. Kulala chini ya mkwe, mbele ya macho yake, akiwa ameonyesha soli za viatu! Kwa upande mwingine, nati zilikuwa zimeshikwa kwa vidole, na yeye mwenyewe alitaka jambo hilo kuliko mtu yeyote. Alifikiri kidogo, kisha akachukua kanga ya Recheli kwenye kamba ya nguo, akaitundika mbavuni mwa gari, akaingia chini nayo ikafunika miguu yake. Bibi Kabula alisubiri mpaka kanga ikatulia. Ndipo alipoinuka, akazunguka kwa upande wa pili, akafungua mlango wa kijivu na kuingia. Gari lilishuka kidogo. Gerson, akiwa chini, aliiona mikono ya chuma ikijiweka sawa, na mara moja akaelewa kwa macho yake kile alichoelezwa dukani.

Alikaza ya kwanza. Akakaza ya pili.

"Recheli," ilisikika sauti kutoka juu.

"Abee."

"Tangu nipasuliwe ninaona mbali. Hivi mumeo ana mvi kiasi kile?"

"Anazo, mama."

"Kuliko mimi! Na wakati ule alipokuja kuoa alikuwa kama kijiti."

Chini ya gari kikohozi kilisikika, kisha kikageuka kicheko, na spana ikaponyoka ikaanguka kwenye vumbi. "Mwambie ninakaza," alisema Gerson, "asinichekeshe."

"Ambianeni wenyewe," alisema Recheli. "Mimi nimechoka kuwa redio."

Hawakuambiana. Lakini nati mbili zilizobaki zilikazwa, kila moja ikawekewa alama ya chaki, na Bibi Kabula aliendelea kukaa kwenye kiti cha nyuma kwa muda mrefu baada ya kazi kwisha, akifungua na kufunga kioo, mpaka Recheli akaja kumwita kwa chakula.

Jumamosi walitoka mapema. Kwenye lami Gerson hakuweza kujua lolote, maana lami husitiri mambo mengi. Walipoingia barabara ya vumbi alipunguza mwendo na kutega sikio. Shimo la kwanza likapita. La pili likapita. Kwenye makorongo ambako siku ile bibi aliguna, gurudumu lilishuka na kupanda, na kilichosikika ni mchanga tu chini ya tairi. Gerson alitazama kioo cha ndani, akaondoa macho haraka kwa adabu, lakini alikuwa ameshaona: Bibi Kabula amelala, mdomo wazi, miwani myeusi imeteleza hadi puani.

Recheli alimwamsha walipofika kwake. Bibi alishuka, akanyoosha kiuno, akawasalimu majirani waliokuja kuliona jicho. Gerson alisimama upande wa pili wa gari, kichwa ameinamisha, akisubiri.

"Recheli, mwambie mwenye gari daktari anataka kuniona tena tarehe kumi na nne. Aje kunichukua."

"Na treni, mama?"

"Treni ya nani?"

"Mwambie nitafika saa moja asubuhi," alisema Gerson akiitazama boneti.

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema Bibi Kabula, kabla Recheli hajafungua mdomo. "Kabla jua halijawa kali."

"Ndiyo, mama," alijibu Gerson.