Kulala Karibu na Nyumbani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyotoka kijijini kwetu Cheyo na bibi yangu kwenda Nzega kwa miguu, enzi za Mwingereza. Nilikuwa msichana. Dada yangu alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza, na kwa kuwa mama yetu alikwisha kufa, dada alituma neno kutoka huko Nzega kwamba nisikose kufika. Tangu neno hilo lifike sikutulia.

Bibi alipokuwa kijana alibeba mizigo ya misafara hadi pwani. Basi tulitembea kidogo tu, akatua mzigo.

"Tunalala hapa."

"Bibi, jua bado liko juu."

"Siku ya kwanza hulala karibu. Miguu izoee, mzigo urekebishwe. Hata waliokwenda Ujiji walifanya hivyo."

Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Alipokwenda kutafuta kuni, nikajitwika mzigo wangu nikaondoka peke yangu, mbiombio, hata kula sikukumbuka. Kesho yake alasiri miguu ilikuwa haiinuki. Nikakanyaga shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, nikaanguka. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi, mwanangu, langu lilivunjika kweli, si kwa mithali.

Wakulima wa hapo waliniokota, wakanifunga mguu kwa vijiti. Bibi aliponikuta nilidhani atakaa nami. Aliupapasa mguu, akaona umefungwa vizuri, akajitwika mzigo wake.

"Mtoto hasubiri, mjukuu wangu. Pona."

Akaenda kwa mwendo wake uleule wa polepole, nami nikalia kwa hasira.

Alifika kwa wakati. Mtoto alizaliwa mzima mikononi mwake. Dada alitoka damu nyingi, akafariki kabla mfupa wangu haujaunga. Bibi alinisimulia kwamba dada aliniulizia mpaka mwisho, naye Bibi alikuwa akimjibu, "Yuko njiani." Sijapata kulizoea jibu hilo.

Kwa hiyo wewe unayependa safari ndefu za miguu, nisikilize. Siku ya kwanza tembea kidogo. Punguza mzigo. Kunywa maziwa, ule dagaa na mifupa yake. Pumzika kabla hujachoka, na penye mteremko shika fimbo. Mfupa ukiuma mahali pamoja unapoubonyeza, keti, hata wenzako wakikucheka. Mwenda pole hajikwai. Mungu aitie nguvu miguu yako, mwanangu, na akufikishe kwa wanaokungoja wangali hai.